Twende Mwitongo, mdogo wangu

Wiki hii tunalo swali la mdogo wetu wa Bunda. Kikundi chao cha vikoba kimepanga kwenda Butiama, pale Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Nauli ameshatoa, kitenge cha sare kimeshashonwa. Sasa jirani kamwambia kuwa yale majabali na ule msitu ni makao ya mizimu, na mtu aliyeokoka hana shughuli kule. Anauliza: "Dada, niende au niwaachie tu hela yao?"

Nenda, mdogo wangu; kutazama mahali pa ibada ya wengine hakumbadilishi mtu dini. Wahindi wana ngome yao ya Chittorgarh, juu ya kilima kule Rajasthan. Ndani mna magofu ya majumba ya wafalme, na mna mahekalu ambamo watu wanasali mpaka leo. Wageni wa kila dini hupanda, huvua viatu mlangoni pa hekalu, hutazama, kisha hushuka na dini zao zilezile walizopanda nazo. Kuvua viatu ni adabu tu ya mgeni.

Ukitaka mfano wa karibu, mtazame mwenye kilima cha Mwitongo mwenyewe. Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya, katika mji wa wake wengi na mila zake zote. Mwaka 1943 akabatizwa Mkatoliki, akawa mtu wa misa mpaka mwisho wa maisha yake. Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri. Mtu huyohuyo, alipong'atuka urais mwaka 1985, makazi yake yakawa kwenye kilima cha baba yake. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kuzikwa hapohapo. Kama imani yake haikumfukuza kwao, itakufukuzaje wewe unayepita kwa saa chache?

Cha kuangalia ni mwenendo, maana hapo ndipo wengi wetu tunapochemka. Mwitongo pana mji wa watu, pana makaburi na, jirani yake, pana msitu wa jadi. Kila mahali pana adabu yake.

Tuanze na mji. Ile ni nyumba ya familia, si uwanja wa maonyesho. Anzieni makumbusho, ambayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Lipeni kiingilio, salimieni, mpate mwenyeji wa kuwatembeza. Humo mtaona zawadi alizopewa, mavazi na picha zake. Usipite mbio kutafuta pa kupigia picha. Na ukishatoka nje usichungulie madirisha ya watu wala kuingia uani bila kualikwa. Mzee yeyote utakayekutana naye, shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Makaburini punguzeni sauti. Mwalimu amelala karibu na wazazi wake. Baba yake alifariki mwaka 1942, kabla hajaona mwanawe akiongoza nchi. Usiegemee kaburi upate picha ya kuweka status. Ukitaka kusali, sali kimoyomoyo kwa namna ya kwenu.

Halafu msitu, ambao ndio umekutia hofu. Wazanaki wa Butiama wanaamini Muhunda ni mzimu unaolinda eneo lao, na kwamba unaweza kujitokeza kwa umbo la mnyama, hata tumbili. Ndiyo maana hakuna kukata mti mle ovyo. Huhitaji kuamini hivyo ili uheshimu. Usivunje tawi, usiokote kuni, usimrushie tumbili jiwe. Mkikuta wazee wana tambiko lao na hutaki kuwa karibu, sema kwa upole, "Shikamoo baba, naomba niwasubiri wenzangu hapa." Hakuna atakayekuvuta mkono. Ila na wewe, tafadhali, usianze kukemea mapepo kwa sauti kwenye mji wa watu. Hata kanisani kwenu asingekuja mgeni akafanya hivyo mkamchekea.

Mengine ni ya safari. Kutoka Bunda pandeni gari la Musoma, mshuke Makutano, hapo mtafute usafiri wa Butiama. Mkitokea Musoma, piteni kwanza Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu alianza darasa mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Kutoka Butiama hadi hapo ni zaidi ya kilometa 40. Mkumbusheni hilo mtoto anayelalamika kuwa shule iko mbali. Tarehe 14 Oktoba na 13 Aprili watu huwa wengi; mkitaka kusikiliza maelezo kwa nafasi, chagueni siku nyingine. Vaa viatu vya chini, maana kwenye majabali kisigino kitakuaibisha. Beba maji, na chakula mpatane mapema, msije mkaanza kununiana saa nane mchana.

Na jirani yako usibishane naye. Mwambie kama kwenye gari kuna nafasi aje ajionee mwenyewe. Kiingilio tu ajilipie.

Wenu, Dada