SOMO LA MASHINE: SHAFTI HUELEA JUU YA MAFUTA



Mashine ya kusaga ikianza kutikisika, wengi wetu hukimbilia kopo la mafuta. Pengine hufaa, pengine haisaidii kitu. Ili ujue tofauti, yafaa kwanza uelewe kazi ya mafuta ndani ya bushi.

1. Mafuta hubeba mzigo

Shafti iliyosimama hulala juu ya chuma cha bushi. Ikizunguka, huyavuta mafuta yaingie mahali pembamba, nayo yakibanwa hupata nguvu ya kuiinua. Hapo chuma hakigusi chuma. Mwaka 1883, huko Uingereza, Beauchamp Tower alitoboa tundu katika bushi ili atie mafuta. Shafti ilipozunguka, mafuta yalifoka nje. Akaziba tundu kwa kizibo cha mti. Kizibo nacho kikasukumwa nje! Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu. Hata injini kubwa za dizeli za umeme pale Kipevu, Changamwe, shafti zake kuu hubebwa hivyo.

2. Kinachoelea chaweza kuyumba

Wewe wa Likoni au Kisauni waijua ngalawa. Ikiwa tupu, wimbi dogo huiyumbisha. Ikiwa na mzigo wa kiasi, hutulia. Mzigo ukizidi, huzama. Shafti ni vivyo hivyo. Mzigo ukizidi, mafuta hukamuliwa na chuma husagana. Lakini shafti ikiwa nyepesi, yenda kasi sana, na bushi imepanuka, mafuta huisukuma kando, nayo huzungukazunguka ndani ya bushi. Mafuta yanayogusa bushi hayaendi. Yanayogusa shafti hukimbia nayo. Kwa wastani mafuta huenda nusu ya mwendo. Kwa hiyo shafti huyumba duara moja kwa kila mizunguko miwili na kidogo.

Mwaka 1925, huko Marekani, Newkirk na Taylor waliandika juu ya mtikisiko huo. Walipozuia mafuta ulikoma. Waliporudisha ulianza tena. Lakini wewe usijaribu hivyo! Bushi bila mafuta huungua upesi. Dawa yake ni bushi yenye nafasi sawasawa na mzigo wa kiasi.

3. Mashine yako nyumbani

Ugonjwa huo huonekana zaidi katika mitambo ya kasi, kama ya mvuke izungukayo mara 3,000 kwa dakika. Mashine ya kijijini ikitikisika, kwanza tazama haya:

(a) Boliti za msingi zimelegea?
(b) Puli zimelingana, na mkanda haukuvutwa kupita kiasi?
(c) Nyundo za kusagia zimelika sawasawa? Zisipolingana uzito, mashine nzima hutikisika.
(d) Bushi imelika? Zima injini, ngoja isimame kabisa, kisha inua shafti kwa mkono. Ikicheza, mwite fundi aweke bushi mpya. Mafuta mengi hayazibi bushi iliyopanuka.

Tumia mafuta ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Yakiwa mepesi mno hayawezi kubeba. Tia mafuta kabla ya kuwasha, kwani wakati wa kuanza shafti bado imelalia chuma. Kisha iache mashine izunguke kidogo kabla ya kutia mahindi. Funika matundu ya mafuta, maana vumbi la unga na mchanga likiingia husugua bushi kama msasa.

Mtikisiko ukizidi, usimalize gunia. Zima. Bushi ikikwama, mkanda waweza kukatika na kumpiga aliye karibu. Bushi hununuliwa, mkono haununuliwi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini shafti iliyosimama haielei?
2. Kwa nini ngalawa tupu huyumba kuliko yenye mzigo wa kiasi, na shafti yafanana nayo vipi?
3. Leo jioni, mashine ikiwa imezimwa, ikague shafti yako. Inacheza?