Mgeni wa Tovuti Anasema Lugha Gani?

Safari hii nawaomba tuingie kidogo upande wa kompyuta. Wale wa sheria na uuguzi msikimbie, hesabu zilizomo humu ni za shule ya msingi, na mwisho wa somo kuna kazi ya kila mmoja wetu.

Hapa Minneapolis na Saint Paul lugha zimejaa. Ukipanda treni ya Green Line pale West Bank kuelekea Saint Paul unaweza kusikia Kisomali, Kioromo, Kihispania, Kihmong na Kikaren, na ukibahatika utasikia Kiswahili cha Bukavu au cha Mombasa. Ndiyo maana vyama vya jamii, zahanati na shule hutaka tovuti zenye lugha zaidi ya moja, na sisi tunaosoma uhandisi ndio tunaoitwa kusaidia. Swali la kwanza huwa hili: mgeni akifungua tovuti, seva itajuaje imsemeshe kwa lugha gani?

Kumbe kivinjari, yaani brauza, huwa kinajieleza chenyewe. Kila kinapoomba ukurasa hutanguliza mistari kadhaa ambayo wewe huioni. Mmoja wapo ni huu:

Accept-Language: sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.7

Maana yake: "Nipe Kiswahili cha Tanzania, kikikosekana, Kiswahili chochote, kikikosekana nacho, basi Kiingereza." Herufi q ni uzito, kuanzia 0 hadi 1. Lugha isiyoandikiwa uzito inahesabiwa kuwa na 1, na q=0 ni sawa na kusema hiyo usiniletee kabisa. Mpango huu si wa jana. Ulikuwemo katika kanuni za HTTP za mwaka 1999, yaani RFC 2616, na upo mpaka leo katika RFC 9110 ya mwaka 2022.

Sasa tuangalie njia tatu za mkato ambazo watengenezaji tovuti wengi huzipenda, na kwa nini hazifai.

Ya kwanza ni kubahatisha kwa anwani ya IP. Anwani hiyo inaweza kukuambia mtu yuko wapi, tena kwa makadirio, lakini haijui anasema nini nyumbani kwake. Kwa hesabu hiyo kila mtu aliyeko Minnesota atapewa Kiingereza, na Mfaransa aliyeko likizo Zanzibar atapewa Kiswahili.

Ya pili ni kuchukua herufi mbili za mwanzo na kutupa zilizobaki. Jamani, Saint Paul ina Wakaren wengi, na kifupi cha Kikaren cha S'gaw ni ksw. Ukikata herufi mbili unabaki na ks, ambacho ni Kikashmiri! Mtu wa Burma umempeleka Kashmir.

Ya tatu ni kutaka vifupi vifanane herufi kwa herufi. Kuna vivinjari vinavyotuma sw-KE peke yake bila kuongeza sw. Kama tovuti yako ina sw tu, seva itasema sw-KE haipo, itateremka kwenye Kiingereza, na mgeni ataondoka akiamini Kiswahili hakimo.

Dawa yake ni kukata kifupi kuanzia nyuma, kipande baada ya kipande, kabla ya kwenda kwenye lugha inayofuata. Njia hii imeelezwa katika RFC 4647 ya mwaka 2006. Kwa PHP inaweza kuandikwa hivi:

function chagua_lugha($ombi, $tulizonazo, $ya_akiba) {
    $orodha = array();
    foreach (explode(',', $ombi) as $kipande) {
        $sehemu = explode(';', $kipande);
        $lugha = strtolower(trim($sehemu[0]));
        $uzito = 1.0;
        if (isset($sehemu[1]) &&
            preg_match('/q=([0-9.]+)/', $sehemu[1], $m)) {
            $uzito = (float) $m[1];
        }
        if ($lugha != '' && $uzito > 0) $orodha[$lugha] = $uzito;
    }
    arsort($orodha);
    foreach ($orodha as $lugha => $uzito) {
        while ($lugha != '') {
            if (in_array($lugha, $tulizonazo)) return $lugha;
            $kistari = strrpos($lugha, '-');
            $lugha = ($kistari === false) ? '' : substr($lugha, 0, $kistari);
        }
    }
    return $ya_akiba;
}

Ombi lenyewe unalipata kwenye $_SERVER['HTTP_ACCEPT_LANGUAGE']. Hakikisha kwanza kama lipo, maana si kila mgeni analituma. Nusu ya kwanza ya programu inavunja mstari kwenye mikato na kusoma uzito. Kisha arsort inapanga kuanzia uzito mkubwa. Nusu ya pili ndiyo inayokata kuanzia nyuma. Jaribu kwa "sw-KE,en;q=0.8" kwenye tovuti yenye so, en na sw. Seva itatafuta sw-ke, itaikosa, itakata ibaki sw, nayo ipo. Kiingereza hakikufikiwa hata kidogo.

Kwa ndugu zetu wa Kongo ongeza jambo moja. Kiswahili cha Kongo kina kifupi chake, swc, na kile cha pwani kina swh. Kama una ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, iambie seva kwamba vyote viwili viingie mlango wa sw.

Hapo programu imekwisha, lakini kazi haijaisha. Ule mstari unaeleza mashine ilivyopangwa, na mashine si mtu. Kompyuta iliyonunuliwa dukani hapa huja ikisema en-US, na mama aliyefika kutoka kambini huenda hajawahi kufungua hiyo mipangilio. Vipo pia vivinjari vinavyotuma lugha moja tu, ili mtumiaji asitambulike kirahisi. Kwa hiyo fuata ngazi hii: kwanza alichochagua mgeni mwenyewe, ukihifadhi kwenye kuki; pili, kinachosemwa na kivinjari; mwisho, lugha ya akiba. Uchaguzi wa mtu usipinduliwe na mashine.

Na ili achague, sharti aone pa kuchagulia. Andika juu ya kila ukurasa majina ya lugha kwa lugha zenyewe: Kiswahili, Soomaali, Hmoob, Afaan Oromoo, Español. Usitumie bendera. Kiswahili utakipa bendera ya nani, Tanzania, Kenya au Kongo? Wala usichanganye vifupi vya nchi na vya lugha. UG ni Uganda, lakini ug ni lugha ya Kiuighuri. Kiganda ni lg. OM ni Oman, lakini om ni Kioromo. Na sw si Kiswidi, chenyewe ni sv.

Mawili ya mwisho kwa mafundi. Kila lugha ipe anwani yake, mfano /sw/ na /so/, ili mtu aweze kumtumia mwenzake kiungo kikafunguka kwa lugha ileile, na ili Google iupate ukurasa. Roboti yake kwa kawaida haitaji lugha inapopita. Na pale seva inapochagua lugha kwenye anwani moja, tuma mstari wa Vary: Accept-Language. Bila huo, seva za kati zinazohifadhi nakala zinaweza kumpa Msomali ukurasa uliotayarishwa kwa Mswahili aliyemtangulia.

Sasa ile kazi ya kila mmoja wetu. Wenye tovuti wanapotaka kujua watafsiri kwa lugha zipi, mojawapo ya vitu wanavyoweza kutazama ni kumbukumbu za seva. Sisi tunaongea Kiswahili jikoni, kwenye simu na harusini, lakini vivinjari vyetu vinasema en-US. Kwa hesabu za seva hatupo. Na mambo yamebadilika: Agizo la Rais namba 13166 la mwaka 2000 lilizitaka taasisi za serikali kuu, na wanaopokea fedha zake, kuwafikia wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 lilifutwa kwa agizo namba 14224, lililotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Taasisi hizo hazikukatazwa kutafsiri, ila uamuzi uko mikononi mwa wakuu wake. Mwenye hiari hutaka ushahidi kwamba kuna wanaohitaji.

Basi leo jioni fungua mipangilio ya kivinjari chako, nenda sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili na ukipandishe juu, Kiingereza kifuate. Kwenye vivinjari vingi vya kompyuta menyu zako zinaweza kubaki kwa Kiingereza kama ulivyozoea. Ukikutana na tafsiri mbovu, rudi kwenye Kiingereza kisha waandikie wenye tovuti uwaambie wapi pamekosewa. Halafu chukua simu ya mama, ya shangazi na ya jirani, kwa idhini yao, uwafanyie hivyo hivyo. Ni dakika mbili tu. Kila ukurasa watakaoufungua baada ya hapo utakuwa umeombwa kwa Kiswahili, hata kama tafsiri bado haijaandikwa.