Mafuta Ghafi Si Dawa!

Hivi unajua kuna watu wanaokunywa mafuta ghafi ili wajitibu? Huko Niger Delta, Nigeria, ambako mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, wapo wanaoamini kuwa yanaondoa sumu na degedege. Usijaribu!

Mafuta hayo huchoma tumbo, ukatapika na kuharisha. Yakiteleza na kuingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu inayoweza kuua. Mengine hufika kwenye damu. Ini linapoyavunjavunja, huzaliwa chembe haribifu zinazoshambulia seli za ini na figo.

Vitamini C na E huzituliza chembe hizo. Katika majaribio, wanyama wa maabara waliopewa vitamini hizo walidhurika kidogo kuliko wasiopewa. Lakini hawakupona kabisa! Basi kula mapera, machungwa na karanga kwa afya yako, ila usidhani ni ruhusa ya kunywa sumu.

Je, mdogo wako akinywa mafuta ya taa? Usimtapishe, maana yatapita tena karibu na mapafu. Usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.