Boila Ikifa Uingereza, Uliza Kwanza Habari za Tangi

Boila ya gesi ikizimika Januari, Leicester au London, watu hukubali bei ya kwanza wanayotajiwa. Watoto wanatetemeka, na muuzaji analijua hilo. Kama nyumba ni yako na boila imeshazeeka, omba bei mwezi wa sita, mafundi wakiwa hawana foleni. Ukiwa mpangaji, shughuli hii haikuhusu: boila ni ya mwenye nyumba, na kuhakikisha inakaguliwa kila mwaka ni wajibu wake kisheria.

Hakikisha kwanza ni nini kilichokufa. Redieta zikipata moto na bomba la bafuni likatoa maji baridi, au kinyume chake, huenda boila ni nzima. Mara nyingi ubovu uko kwenye valvu ya umeme inayogawa moto kati ya redieta na tangi la maji ya moto, au kwenye thamostati ya tangi, na kuvibadilisha ni gharama ndogo ukilinganisha na mfumo mpya. Halafu nyumba nyingi zenye tangi zina hita ya umeme ya kilowati 3 humo ndani. Washa swichi yake kabatini, muoge, mtafute fundi kwa utulivu. Wauza boila hawana mazoea ya kuitaja swichi hiyo.

Ikibidi kubadilisha, amua kwanza kama tangi linabaki au linaondoka, maana hapo ndipo bei inapopanda au kushuka. Kutoa kombi (boila inayopasha maji papo hapo, bila tangi) na kuweka kombi mahali palepale huwa kama paundi 2,000 hadi 3,500. Kung'oa boila ya zamani pamoja na tangi la kabatini na yale ya darini, ili uweke kombi, hufika kwa urahisi 4,000 au zaidi: mabomba yanapangwa upya, na bomba la gesi la milimita 15 huenda likabidi liwe la 22. Ukibaki na mfumo wa tangi ukataka tangi jipya la shinikizo, yaani linalotegemea nguvu ya bomba la mtaa, ongeza kama 1,200 hadi 2,500 juu ya bei ya boila. Tangi hilo hufungwa na mwenye cheti cha G3, na usajili wa gesi peke yake hautoshi.

Kombi husifiwa mno. Ya kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika ikipandisha joto la maji kwa digrii 35, na hizo zinatosha shawa moja. Nyumba ya watu sita, asubuhi ya Idi, mmoja anaoga juu, mwingine chini, mama anaosha masufuria: aliye juu atalia kwa baridi. Kwa familia kama hiyo mimi ningebaki na tangi.

Kabla ya kuamua, chukua ndoo ya lita 10 na saa, fungua bomba la jikoni mpaka mwisho. Ikijaa kwa sekunde 60, mtaa unakupa lita 10 kwa dakika, na hakuna kombi itakayozidisha hapo. Tangi la shinikizo hupenda ndoo ijae kwa sekunde 30 hivi.

Omba bei tatu kwa maandishi, kila kitu na bei yake: kusafisha redieta, chujio la sumaku, bomba la moshi, thamostati, kuondoa vya zamani, na VAT ya asilimia 20. Usisahau kijibomba cha kumwaga maji yanayotokana na moshi uliopoa. Boila nyingi za kabla ya 2005 hazikuwa nacho. Kikipitishwa nje kiwe cha milimita 32 na kifunikwe, la sivyo kitaganda usiku wa barafu na boila itazimika.

Fundi akifika, omba kadi yake ya Gas Safe, ndiyo ya usajili wa gesi, na uigeuze: nyuma zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Usilipe zote kabla ya kazi. Kwa kazi ya zaidi ya paundi 100 mpaka 30,000, ukilipa hata sehemu yake kwa kadi ya mkopo, sheria ya mikopo ya 1974 inakuruhusu kuidai benki kampuni ikitoweka. Cheti cha kanuni za ujenzi kitakachokuja baadaye kiweke pamoja na hati za nyumba, kwani wakili wa mnunuzi atakitaka. Na udhamini wa miaka mingi hudumu tu ukiifanyia boila sevisi kila mwaka.

Jambo la mwisho kabla hujamruhusu mtu alibebe tangi. England na Wales, tangu Oktoba 2023, serikali hutoa ruzuku ya paundi 7,500 kwa anayeacha boila na kuweka pampu ya joto inayotumia hewa. Pampu hiyo nayo huhitaji tangi la maji ya moto. Huenda la zamani lisifae, lakini kabati na mabomba yake vinaweza kufaa, na ukishageuza kabati hilo kuwa rafu za mashuka utalipa kurudisha vyote.