Dirisha la Mifunguo Miwili: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Katika miaka ya karibuni, karakana za alumini na maduka ya vifaa vya ujenzi katika miji yetu yameanza kuuza dirisha ambalo wazazi wetu hawakulijua. Hufunguka kwa namna mbili kwa kutumia mkono mmoja wa komeo. Mkono ukielekea chini, dirisha limefungwa. Ukilazwa, kipande chote hufunguka kuelekea ndani ya chumba kama mlango. Ukielekezwa juu, kipande huinama ndani kwa upande wa juu tu na kuacha mwanya. Katika somo hili tunaliita dirisha la mifunguo miwili.

Dirisha hili lilienea kwanza katika nchi za Ulaya zenye baridi kali, hasa Ujerumani. Ni chombo kizuri, lakini bei yake kwa kawaida huzidi ile ya dirisha la kusukuma. Hivyo swali la mnunuzi lisiwe “Je, ni zuri?” bali “Katika uzuri wake, ni upi nitakaoutumia nyumbani kwangu?” Tunajibu swali hilo kwa kupima mambo matano.

1. Hewa

Tuchukue dirisha la sentimita 120 kwa 120. Likiwa la kusukuma lenye vipande viwili, nusu yake tu ndiyo inayoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja, kwa kuwa kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine. Likiwa la mifunguo miwili na kufunguliwa kama mlango, karibu eneo lote huwa wazi. Likiinamishwa kwa mwanya wa sentimita 12, hata tukijumlisha pembetatu mbili za ubavuni, uwazi ni takriban sehemu moja ya tano ya dirisha. Wavu wa mbu hupunguza hewa hiyo zaidi.

Kwa mkazi wa Tanga, Dar es Salaam au Mtwara, tofauti hiyo ni kubwa. Usiku wa joto la kaskazi, mwanya wa juu pekee hautoshi kupoza chumba cha kulala. Anayenunua dirisha hili kwa ajili ya hewa ajue kwamba atalitumia zaidi likiwa limefunguliwa kama mlango, na chumba kiwe na nafasi ya kulipokea. Kitanda, kabati na pazia visizuie njia yake. Chumba kikiwa kidogo, ni afadhali vipande viwili vyembamba kuliko kimoja kipana. Muulize fundi ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachoinama, kwa maana mara nyingi ni kimoja tu.

Dirisha moja, hata liwe bora namna gani, halifanyi kazi ya mawili. Upepo huingia vizuri pale unapopata pa kutokea. Nyumba ikiwa bado kwenye ramani, panga madirisha katika kuta zinazotazamana, ukizingatia upepo wa kaskazi na wa kusi.

2. Nondo, wavu na njia ya kutokea

Hapa ndipo dirisha la mifunguo miwili linapofaa sana kwa nyumba zetu. Dirisha la bawaba linalofunguka nje hulazimisha nondo na wavu kukaa upande wa ndani, na kulifunga ni kazi ya kupenyeza mkono. Linalofunguka ndani huruhusu nondo na wavu kukaa nje bila kugusana na kioo. Tena vioo vya ghorofani husafishwa pande zote mbili bila mtu kupanda ngazi.

Lakini nondo zinazomzuia mwizi asiingie humzuia pia mwenye nyumba asitoke. Moto ukishika sebuleni usiku na moshi ukajaza ukumbi, dirisha la chumba cha kulala huenda ndiyo njia pekee iliyobaki. Dirisha linaweza kufunguka lote, na bado likawa ukuta kwa sababu ya nondo zilizochomelewa moja kwa moja. Tunasisitiza kwamba kila chumba cha kulala kiwe na walau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na hufunguliwa kutoka ndani, na uwazi wake umtoshe mtu mzima kupita. Ufunguo ukae karibu na dirisha hilo, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki, na kila mkazi apajue, watoto wakubwa na msaidizi wa nyumbani wakiwemo. Jaribuni kuufungua usiku, taa zikiwa zimezimwa. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mambo mawili zaidi ya usalama. Kwanza, dirisha lililoinamishwa si dirisha lililofungwa; mtu aliye nje anaweza kulilazimisha likafunguka. Usiondoke nyumbani ukaliacha hivyo. Pili, ghorofani mtoto anaweza kuanguka kupitia dirisha lililofunguliwa kama mlango. Tafuta komeo lenye ufunguo ambalo huruhusu kuinamisha na kuzuia ufunguaji mpana, na usiweke kiti wala kitanda chini ya dirisha.

3. Baridi, joto na jiko la mkaa

Dirisha hili hubanwa na mpira pande zote, kwa hiyo huzuia baridi, vumbi na kelele kuliko lile la kusukuma. Kwa mkazi wa Njombe, Makete au Mafinga, hiyo ni faida anayoweza kuilipia bila majuto. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati pia hufaa huko. Katika Pwani, nyumba ambayo madirisha yake huachwa wazi mchana na usiku hainufaiki sana na vioo viwili. Fedha hiyo itumike kurefusha paa au kujenga kivuli juu ya madirisha ya mashariki na magharibi, yanayopigwa na jua la asubuhi na la alasiri. Chumba chenye kiyoyozi ni habari nyingine: humo kubana vizuri hupunguza umeme unaopotea.

Onyo letu kwa wakazi wa nyanda za juu ni hili. Chumba kinachobana hakipumui. Jiko la mkaa likiingizwa ndani ili kuotea moto, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Katika nyumba ya zamani hewa kidogo ilipita kwenye nyufa za madirisha. Dirisha jipya limeziba nyufa hizo. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kama mkaa unaonekana kufifia, wala usidhani kwamba mwanya wa dirisha lililoinamishwa unatosha kukulinda.

4. Fremu, kioo na vyuma

Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Dirisha letu la mfano, likiwa na kioo cha milimita 6, hubeba takriban kilo 20 za kioo peke yake. Likiwa na vioo viwili vya milimita 4, uzito hukaribia kilo 28. Uzito huo wote huning'inia kwenye bawaba wakati kipande kimefunguliwa. Muulize muuzaji bawaba zake zimetengenezwa kubeba kilo ngapi, na jibu liandikwe.

Karibu na bahari, chumvi hula vyuma vya kawaida. Skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Fremu ya plastiki ngumu haishiki kutu, lakini iwe imetengenezwa kuhimili jua kali na iwe na chuma cha kuimarisha ndani yake. Rangi nyeusi huvuta joto na inaweza kuipinda.

Dukani, fungua na kufunga mara kadhaa wewe mwenyewe. Kisha kipande kikiwa wazi, jaribu taratibu kuugeuza mkono wa komeo kuelekea juu. Dirisha lenye kizuizi litakataa. Lisilo na kizuizi linaweza kuachia bawaba ya juu, kipande kikabaki kimening'inia kwenye kona moja.

5. Maandishi na risiti

Usitoe malipo ya awali kwa maneno ya mdomo. Makubaliano yaandike vipimo vya kila dirisha, aina ya fremu, unene wa kioo, aina ya bawaba, wavu, tarehe ya kufunga, muda wa dhamana, na nani atarekebisha dirisha likianza kukwama. Fundi apime matundu baada ya kuta kupigwa lipu. Dai risiti ya kielektroniki na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, lakini asiye na maandishi hupata taabu kuthibitisha alichoahidiwa.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kuagiza, jibu kwa kila chumba:

Je, kipande kitafunguka chote bila kugonga samani?
Je, mtu mzima anaweza kutoka kupitia dirisha hili usiku, nondo zikiwepo?
Je, ninalipia hewa, kinga ya baridi, au sura?
Je, bawaba zinabeba uzito wa kioo nilichochagua?
Je, yote niliyoahidiwa yameandikwa?

Si lazima nyumba nzima iwe na dirisha la aina moja. Mifunguo miwili inaweza kuwekwa katika vyumba vya kulala, dirisha la kusukuma likawekwa barazani, na luva zikawekwa chooni na jikoni. Fedha iliyookolewa inatosha, mara nyingi, kulipia bawaba za nondo katika vyumba vya kulala, na gharama hiyo tungependa itangulie nyingine zote.