Kupima Ubora wa Pete ya Dhahabu

Bomani, mjini Tarime, si mbali na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo. Hata hivyo, ukaribu huo haumkingi mnunuzi: rangi ya manjano peke yake haithibitishi kuwa pete aliyoitolea akiba yake ni ya dhahabu.

Dhahabu safi, yaani ya karati 24, haishiki kutu, lakini ni laini. Hupindika na kulika upesi. Kwa hiyo sonara huichanganya na shaba au fedha. Pete ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu: usafi umepungua, uimara umeongezeka.

Mchanganyiko huo hupimwa kwa densiti. Pete ya gramu 7.7 ining'inizwe kwenye mizani kwa uzi mwembamba, kisha izamishwe majini. Mizani ikionyesha gramu 7.2, maji yaliyohamishwa ni gramu 0.5, yaani sentimita za ujazo 0.5. Densiti ni 7.7 ÷ 0.5 = 15.4, ambayo yalingana na karati 18. Densiti ya dhahabu safi ni 19.3; ya shaba ni 8.9. Kipimo hiki hakifai kwa pete yenye kito au yenye uwazi ndani.

Zoezi: Pete nyingine ya gramu 7.7 imepungua gramu 0.86 majini. Je, yastahili bei ya dhahabu?