Jiwe la Risasi: Tulijue, Tujihadhari

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya jiwe. Jiwe hilo ni galena. Ndani yake mna risasi, na mara nyingine fedha kidogo. Mgodi wa Mukwamba ulilichimba hadi ulipofungwa mwaka 1960. Lakini jiwe lenyewe bado limo ardhini.

Lilitokeaje?
Zamani sana maji ya moto yalipanda kutoka chini ardhini, yakapita katika nyufa za miamba. Yalibeba risasi na salfa. Yalipopoa, vitu hivyo viliungana na kuganda humo. Ndiyo maana galena hukaa kama mishipa ndani ya mwamba.

Tutalitambuaje?
1. Rangi: ni kijivu. Likivunjwa hung'aa kama chuma kipya.
2. Uzito: ni zito karibu mara tatu ya jiwe jeupe la kawaida la ukubwa huo huo. Ulanga nao hung'aa, lakini ni mwepesi na hubanduka kama karatasi.
3. Kuvunjika: hupasuka vipande vya pembe nne, kama visanduku vidogo.
4. Ulaini: kisu hulikwaruza kwa urahisi.
Ukishalishika, nawa mikono kwa sabuni. Usililambe.

Hatari yake
Katika kilo 100 za galena safi, risasi ni kama kilo 86. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Mwaka 2010, huko Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani. Mawe hayo yalikuwa na risasi. Vumbi lilienea uani, na watoto zaidi ya 400 wakafa. Kwetu Mpanda pia dhahabu na risasi hupatikana pamoja katika baadhi ya miamba.

Basi tufanye hivi:
- Tusitwange wala kusaga mawe nyumbani, wala katika kinu cha chakula.
- Tuoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.
- Tusichemshe tu maji yenye vumbi hilo tukadhani yamekuwa salama. Moto hauondoi risasi.
- Mtoto akipata degedege, tumpeleke zahanati upesi. Tusiseme tu ni malaria. Tumwambie mganga kwamba nyumbani tunashughulika na mawe.

Maswali ya kujadiliana
1. Taja alama nne za galena.
2. Hapa mtaani mawe husagwa wapi? Watoto huchezea wapi?
3. Tukubaliane kuyasagia wapi?